Msumari wa Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Desemba

Likizo imeanza. Wiki tatu bila muhuri, bila vumbi la masjala, bila bosi kuniuliza faili liko wapi ilhali amelikalia. Nimenunua daftari hili makusudi. Mambo makubwa yanataka kuandikwa.

Jambo lenyewe ni msumari. Uko sebuleni kwa Mama Mkwe, juu ya kochi refu, katikati kabisa ya ukuta. Miaka yote ulibeba saa ya marehemu baba mkwe, ile ya kutiwa ufunguo. Mwaka jana saa ikasimama. Wapo wanaosema niliiharibu mimi. Uzushi! Niliikaza kidogo tu ipate nguvu, nikasikia krrk, basi. Saa ilikuwa imechoka. Tangu siku hiyo nikifika pale natengewa kigoda mbali na ukuta, na kikombe cha chai napewa mkononi nisije nikagusa meza. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili! Karani mkuu wa masjala!

Leo mke wangu katoka kwao na habari. Mama yake kasema Jumapili ya tarehe ishirini na nane, tukikusanyika kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, kila mtu alete zawadi kama kawaida, na ile itakayomgusa moyo ataitundika kwenye msumari ule. Moyo ulinilipuka. Zawadi yangu ikitundikwa pale, nimesamehewa. Isipotundikwa, nitazeekea kwenye kigoda.

Na mwanyumba wangu atakuwepo. Huyu ndiye aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Anauza vifaa vya umeme, ana gari lenye viti vya ngozi, na zawadi zake huja na risiti ndani ya boksi, ati kwa ajili ya dhamana. Dhamana gani! Anataka tusome bei.

Safari hii nampiga bao. Yeye atanunua. Mimi nitafuma, kwa mikono yangu hii hii.

Jumanne, 16 Desemba

Nimekwenda dukani kwa Mama Nyuzi, yule mwenye duka la nyuzi na vifungo nyuma ya posta. Kaniuliza nyuzi ni za nani. Nikamwambia mfumaji ni mimi. Kaniangalia juu ya miwani yake kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima.

Madonge sita ya uzi: manne ya buluu, moja la manjano, moja jeupe. Na sindano ya kroshia, ile yenye ndoano. Kanifundisha palepale kwenye benchi: ingiza, zungusha, vuta. Wateja watatu walisimama kutazama. Mmoja alipiga makofi. Mama Nyuzi akaniambia nianze na vitanzi arobaini, na kila nikimaliza mstari nivihesabu, maana wanaoanza huwa wanaongeza bila kujua. Nikamjulisha kwamba mtu aliyehesabu mafaili miaka ishirini na sita hafundishwi kuhesabu.

Mpango wangu: pambo la ukutani, urefu wa mkono mzima, la buluu. Katikati saa nyeupe ya duara, mishale ikionyesha saa kumi jioni, saa ya chai. Saa isiyotiwa ufunguo! Saa isiyoweza kusimama! Nilipoliwaza wazo hili nilisimama barabarani nikajipongeza.

Mke wangu kauliza kama nitahitaji msaada. Yeye alifundishwa kufuma na mama yake tangu mdogo. Nikakataa katakata. Nikamwambia ukisaidiwa, kazi si yako tena, na asiiguse hata kwa ncha ya kidole. Akasema haya, mzee.

Alhamisi, 18 Desemba

Vidole vinawaka moto. Shingo imekakamaa. Lakini kazi inakwenda.

Kuna jambo dogo. Pambo linapanuka. Nilianza na vitanzi arobaini, leo nimehesabu sitini na tatu. Juu jembamba, chini pana. Mke wangu kauliza kama nafuma sketi. Nikamwambia huo ni mtindo. Akauliza mtindo wa nani. Nikajitia sikusikia.

Nimeiacha kazi juu ya kiti cha sebuleni na kwenda kulala shingo upande.

Ijumaa, 19 Desemba

Maajabu! Nimeamka, nimelishika pambo langu, limenyooka! Pembe zote nne mahali pake. Nimehesabu mara mbili: arobaini, arobaini, arobaini.

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kitaalamu. Uzi ulikuwa na mkazo. Umekaa dukani miezi mingapi sijui, umeviringwa, umebanwa kwenye rafu. Ukishafumwa, unataka kupumzika. Ukipumzika, unajinyoosha wenyewe. Nashangaa hakuna aliyeligundua hili kabla yangu.

Nikaenda mbio kumweleza Mama Nyuzi. Alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akauliza mke wangu ameamkaje. Swali gani hilo? Nikamwambia kachelewa kuamka, anapiga miayo tangu asubuhi, nadhani umri umeanza kumwelemea, maskini. Nimemshauri awe analala mapema. Mama Nyuzi akaingia stoo na nikamsikia akicheka tena huko ndani.

Jumapili, 21 Desemba

Upelelezi. Nimekwenda nyumbani kwa mwanyumba kwa kisingizio cha kuazima ngazi. Shemeji kaniletea maji ya matunda, nikayanywa polepole huku macho yakifanya kazi. Nyuma ya kochi kulikuwa na boksi. Nikaangusha leso yangu makusudi, nikainama, nikasoma.

Saa ya ukutani! Ya umeme! Inawaka taa, inalia sauti za ndege kumi na mbili, kila saa ndege wake!

Nilibaki nimeinama mpaka shemeji akauliza kama mgongo umenikamata. Saa kwa saa, jamani. Ya kwake inatembea na kuimba. Ya kwangu ni uzi.

Mwanyumba alinisindikiza hadi getini. Akauliza mwaka huu naleta nini. Nikamwambia kitu kidogo tu. Akanishika bega, akasema kikubwa ni moyo, ndugu yangu. Kebehi tupu! Na kwa sauti ya upole kabisa, ndipo imeniuma zaidi.

Nimerudi na ngazi nisiyoihitaji. Haipiti mlangoni kwetu. Iko nje.

Jumanne, 23 Desemba

Siku mbaya. Leo ilikuwa zamu ya uso wa saa. Duara, kitu rahisi, unazunguka tu. Nimezunguka. Saa tatu asubuhi likaanza kujikunja kingo. Saa tano likawa bakuli. Saa nane likawa kofia.

Nikajaribu kulilainisha kwa pasi. Harufu! Kumbe uzi mweupe si wa sufu tupu. Mke wangu kaingia, kakichukua kile kitu, kakivaa kichwani, kakivua, kakirudisha mezani. Akaenda zake. Heri angenicheka.

Naandika kwa sababu daftari halina mdomo: nilitaka kulia. Ile siku saa ya baba mkwe iliposimama, Mama Mkwe hakunifokea. Alikuja akanitoa ufunguo mkononi, kidole kimoja kimoja, akautia mfukoni mwa gauni lake, akaenda jikoni. Saa ile marehemu alikuwa akiitia ufunguo mwenyewe kila Jumapili. Angenifokea ingekuwa nafuu. Kelele unazisahau. Nikimtazama hadi leo naona mkono wake unaingia mfukoni.

Nimeacha kila kitu mezani. Potelea mbali. Labda nimnunulie blenda.

Jumatano, 24 Desemba

Blenda ya nini! Mimi ni fundi!

Nimekuta mezani, kando ya ile kofia, duara jeupe, bapa, safi, na ukingo wa manjano. Nimeligeuza huku na huku. Sikumbuki kulifuma. Nimewaza sana, na maelezo ni moja tu: nililifuma siku za mwanzo kama jaribio, nikalisahau chini ya mito ya kiti. Mikono yenye kipaji hufanya kazi bila kumsumbua mwenyewe. Nikamsomea mke wangu sentensi hiyo. Akasema ni nzuri, niiandike. Nimeiandika.

Yeye ana plasta kwenye kidole cha shahada. Anasema ni mfuniko wa kopo. Nimemwonya awe mwangalifu na makopo. Halafu ana manyoya ya uzi wa buluu kwenye mkono wa gauni, sijui anapita wapi. Macho mekundu. Nimempikia chai mwenyewe, nikamwambia apumzike, maana nyumba yenye msanii mmoja inachosha.

Ile kofia sitaitupa. Nimepata akili mpya. Nitamzawadia mwanyumba! Kofia iliyopinda upande, yenye alama ya pasi kisogoni. Na ndani nitatia risiti niliyoiandika kwa mkono: Bei, haina. Dhamana, maisha. Ataelewa. Nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimemaliza! Duara limeshonwa mahali pake, mishale ya manjano imekaa, saa kumi kamili.

Kilibaki kipande cha chini tu, upana wa kiganja kimoja. Nimeketi mchana kutwa, nimekifuma kwa mkupuo mmoja, sikuinua kichwa hata kwa chakula. Kimekwenda upande kidogo. Kona moja inaning'inia. Mke wangu akasema nisilifunge bado, niliache juu ya kiti lipumzike hadi asubuhi, si mimi mwenyewe niliyegundua mambo ya kupumzika? Nikamwambia hakuna muda. Akasihi. Akasema hata saa mbili zitatosha. Nikakataa, nikalifunga kwa karatasi, nikapiga mafundo matatu, nikalisukuma chini ya kitanda upande wangu. Namjua yule. Angetaka kulionyesha kwa jirani.

Alishusha pumzi ndefu. Ni woga wa furaha.

Jumapili, 28 Desemba

Niandike nini, niache nini!

Tulifika saa nane. Nikamwamkia Mama Mkwe, shikamoo, marahaba, akanionyesha kigoda. Msumari mtupu ulikuwa unanitazama. Ngazi niliibeba, nikamrudishia mwanyumba palepale, akaiegemeza ukutani.

Akatangulia yeye. Boksi likafunguliwa, risiti ikaanguka, kila mtu akajifanya hakuiona na kila mtu akaisoma. Saa ikawashwa. Taa za kijani. Mara ndege akalia, wala saa haijatimia, na dakika mbili baadaye mwingine. Mama Mkwe alishtuka akamwaga chai. Akauliza kwa adabu kama hao ndege wanaweza kunyamazishwa. Mwanyumba akaanza kusoma kitabu cha maelekezo, jasho linamtoka. Alipokuwa ukurasa wa tisa bundi akajibu. Mimi kimya kwenye kigoda. Ndani nilikuwa nacheza ngoma.

Halafu nikampa mwanyumba kifurushi chake, ili nimmalize. Akatoa kofia. Akaitazama. Akasoma risiti yangu. Nikangoja achomwe. Akaivaa! Ikamkaa mpaka kwenye nyusi. Akauliza kama kweli nimeifuma mimi, kwa ajili yake. Nikasema ndiyo, ningesemaje? Akasema tangu azaliwe watu humletea saizi za viatu na orodha ya vitu wanavyotaka, hakuna aliyewahi kukaa chini akamtengenezea kitu kwa mkono. Risiti akaikunja, akaitia kwenye pochi yake. Nilikosa pa kuangalia. Nilikusudia kumchoma yule mtu!

Ikawa zamu yangu. Mama Mkwe alifungua mafundo matatu bila mkasi. Akalitandaza pambo mapajani. Hata ndege hawakulia.

Akaligeuza nyuma. Akapitisha kidole gumba kwenye kingo, polepole, akafika kwenye vifundo vya kumalizia. Akainua macho akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari. Wote wawili wakauma midomo. Nikaelewa wamezidiwa na uzuri. Mama Mkwe akasema fundo hili, la kuvutwa kushoto na kurudiwa, anawajua watu wawili tu duniani wanaolifunga hivyo, na mmoja ni yeye. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba mikono yenye kipaji hukutana njia moja hata bila kufundishwa. Shemeji akapaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni.

Kisha akafika kwenye kile kipande cha chini. Mstari umelala upande, kona inaning'inia. Akakishika mkononi, akasema: na hapa ni mkono wako, baba. Nikaanza kujitetea, haraka, muda, uzi haukupumzika. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema pambo lote ni zuri, lakini kilichomgusa ni hiki kipande. Kasema hakuwahi kudhani kwamba mikono hii ingeweza kutulia juu ya kitu kimoja kwa ajili yake. Ile saa aliililia, hafichi, lakini ilishalilika. Akamwambia mwanyumba apande ngazi alitundike, na kona ile aiache ining'inie ilivyo, asiikunje.

Mwanyumba akapanda, na kofia yake kichwani. Akatundika. Mama Mkwe akarudi nyuma hatua tatu, akasema kuanzia leo humu ndani ni saa ya chai mchana na usiku.

Halafu akanigeukia, akaniambia niachane na kigoda, nije kwenye kochi. Kochi refu! Chini ya msumari! Nikakaa. Akamimina chai akaiweka mezani, si mkononi mwangu. Nikakinyanyua kikombe mwenyewe, nikakirudisha mwenyewe. Hata tone halikumwagika. Kichwa kilivimba, nikafuta macho, nikasingizia moshi ingawa hakuna aliyepika.

Njiani nikamwambia mke wangu ameona sasa mtu anachoweza kufanya akiachwa peke yake bila kuingiliwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa watu. Akafuta machozi. Kisha akanishika mkono, kwa ule wenye plasta, tukaenda hivyo hadi nyumbani.

Jumatatu, 29 Desemba

Bado nimevimba, na nitaendelea kuvimba.

Kitu kimoja tu kinaniwasha. Kazi yote ile iliyonyooka, na Mama Mkwe kachagua kile kipande cha upande! Ni macho. Umri. Nitampeleka akapimwe miwani.

Asubuhi nimepita kwa Mama Nyuzi kumjulisha kwamba mwaka mpya nitafungua darasa la kufuma dukani kwake. Kauliza kama mke wangu naye atakuja. Nikasema aje, ataokota mawili matatu. Kaingia stoo tena. Huyu mama ana matatizo na hiyo stoo.

Sasa, jambo kubwa. Jana watu wote walipokuwa wanatazama ukuta, mimi niliona kabati la vioo. Ndani yake, rafu ya chini, saa ya marehemu, na ufunguo wake pembeni. Nikaiazima. Ilienea vizuri kwenye mfuko uliobeba pambo. Yule mama kanisamehe, amenikalisha kwenye kochi, amenipa meza. Zawadi moja haitoshi. Nitamrudishia saa yake inatembea! Kama uzi umenitii wiki mbili tu, springi ni nini?

Nimeifungua mgongo. Mashine safi kabisa, vigurudumu vimepangana. Nimegusa kidogo. Kidogo sana. Kitu kimeruka, kimepita karibu na sikio langu, kimeingia chini ya friji. Vitatu vimebingirika kuelekea mlangoni. Kimoja nadhani nimekinywa na chai.

Mke wangu ananiita. Ati mama yake yuko kwenye simu, anauliza kama kuna mtu ameona kitu kabatini. Nimemwambia aseme nimelala.

Sina wasiwasi hata chembe. Chuma nacho kina mkazo kama uzi, tena kimefungiwa miaka mingi. Nimekusanya vipande vyote nilivyoviona, nimevipanga juu ya kiti kile kile cha sebuleni vipumzike. Asubuhi nitakuta vimejinyoosha vyenyewe.